Siafu Kwenye Kioo cha Lori

Ulimwona. Usijitie hamnazo, ulimwona. Ulikuwa umekaa ndani ya gari lako, vioo umevipandisha, redio inakusemesha, naye alikuwa juu ya baiskeli, karibu nawe kiasi kwamba ungeshusha kioo ungemshika bega. Ukageuza shingo ukatazama simu. Wahenga walisema macho hayana pazia. Ya kwako yanalo, nawe ulilivuta ukamfungia nje mwanamke ambaye kazi yake ni kushona mapazia. Halafu jioni ukakaa na wenzako ukasema siku hizi barabarani hakuna utu.

Mimi sisahau. Namkumbuka aliyempigia honi sikioni kwa raha zake tu, akacheka na abiria wake. Namkumbuka aliyefungua mlango wa gari bila kutazama nyuma, kisha akamgombeza yeye kwa kuukwaruza. Nalikumbuka na lile basi dogo la juzi, lililompiga kiwiko kwa kioo cha pembeni likamwangusha mtaroni, likaenda zake kama lililokanyaga ganda la muwa. Waliokuwa nyuma ya basi walipunguza mwendo, wakatazama, wakaongeza mwendo. Ulikuwa mmoja wao. Basi keti. Leo utasikia ulichokipita.

Wenzake anaoendesha nao baiskeli alfajiri humwita Siafu, kwa sababu ni mdogo wa umbo na akishakiuma kilima hakiachii mpaka kiishe. Hashindanii kikombe wala hajawahi kupigwa picha ya gazeti. Kutwa nzima huinama kwenye cherehani, shuka za watu zimemfunika magoti, msimamizi anamwita huku, mteja anamwita kule. Saa ile ya alfajiri juu ya baiskeli ndiyo saa pekee ambayo haitwi na mtu. Ndiyo maana anaipenda.

Juzi alipotoka mtaroni, aliyemshika mkono alikuwa mwanamke mfagia barabara. Alilowesha kitambaa chake cha kichwa akamfuta damu, bila kuuliza jina wala ukoo. Fundi wa pancha wa njia panda akainyoosha rimu, akakataa hata asante. Alimwambia tu, "Nenda, dada. Ukianguka tena, usianguke mbali." Siafu akacheka huku machozi yanamtoka. Hao ndio watu wanaomfanya mtu arudi barabarani kesho yake.

Lakini nyumbani kiwiko kilichofungwa bendeji hakikuchekesha mtu. Jumapili wageni wanakuja. Mama wa mpenzi wake anakuja na shangazi zake kuzungumza mambo ya ndoa, na tayari ametanguliza salamu yenye mwiba: sisi tunaoa mtu, hatuoi chombo. Mke wa mwanangu hatapita mbele za watu amekaa kama aliyepanda ukuta wa jirani. Baiskeli itoke kwanza nyumbani, ndipo na sisi tuingie.

Kaka yake mkubwa aliipokea salamu hiyo kama amri ya mahakama. Jana jioni aling'oa gurudumu la mbele akalikalia sebuleni, mikono kifuani, kama mtu aliyekalia siri ya ukoo. Siafu akamwambia aondoke pale, spoki zitapinda. Kaka akajibu kwamba afadhali zipinde spoki kuliko ipinde bahati ya mdogo wake. "Umri unakwenda kwa baiskeli yako hiyo hiyo," alisema, "tena bila breki." Mama yao alikuwa akichambua mchele pembeni. Hakuinua uso.

Alfajiri Siafu alipotoka ukumbini aliikuta baiskeli imesimama na magurudumu yake mawili. Mama alikuwa amelirudisha la mbele. Hajawahi kupanda baiskeli maishani mwake, kwa hiyo hakujua lile komeo dogo la ekseli linavyobanwa. Alikuwa amelifunga gurudumu kwa uzi wa kushonea mapazia, mizunguko mingi, fundo juu ya fundo. Siafu alichuchumaa akaukata ule uzi taratibu, kisha akalibana komeo mwenyewe. Kwa ule uzi angefika kona ya kwanza tu. Lakini hakuna aliyewahi kumpa ruhusa kwa upole kama ule.

Hakwenda kwa wenzake. Alikwenda yadi ya malori.

*

Mpenzi wake wanamwita Tani, kwa ajili ya lori analoendesha na, wasemavyo wenzake, kwa ajili ya ulimi wake: kumtoa neno ni kama kupakua saruji. Walikutana kule barabara ilikokuwa imechimbwa, vumbi tupu, magari yanapenya popote. Siafu alisikia lori linaunguruma mgongoni pake, haliondoki, halimpiti. Akadhani linamsukuma. Aligeuka akalitupia ishara ya mkono ambayo binti wa watu haifai kuijua. Lami ilipoanza tena, lori likaja sambamba na dereva akashusha kioo.

"Dada, mimi nilikuwa ukuta wako. Nyuma yangu kuna magari yananitukana mpaka sasa hivi."

"Ukuta hauungurumi," alimjibu.

Basi. Neno moja la Tani, neno moja la Siafu, na tangu siku hiyo Siafu akawa hawezi kusikia injini nzito bila moyo kumruka.

Asubuhi hii alimkuta amesimama peke yake kando ya lori, mzigo umeshafungwa turubai. Alipomwona, Tani hakutabasamu. Alitazama kiwiko. Alikitazama kwa muda mrefu mpaka Siafu akashusha mkono wa shati kukifunika, akijuta kwamba hakuvaa sweta. Aliyempelekea Tani habari ya ajali hakuwa yeye. Alikuwa kaka.

"Ungeniambia," Tani alisema.

"Ningekwambia ungefanya nini?"

"Hivi ninavyofanya sasa. Ningekosa usingizi."

Alimsogelea akamshika ule mkono, akaufunua, akaugeuza polepole kama mtu anayesoma. Vidole vyake vilinuka grisi na sabuni ya unga. Siafu alitaka kuegemeza paji la uso kwenye kifua kile na kukaa hapo mpaka Jumapili ipite. Macho yao yalipokutana aliona ya mwenzake mekundu, na akajua hakuja kubembelezwa. Alikuja kuombwa kitu.

Akaombwa. Tani alimwambia mama yake amepiga simu tena. Alimwambia amejaribu kumtetea, na mama amemuuliza swali moja lililomfunga mdomo: wewe mwenyewe, mwanangu, ungependa aendelee? Alishindwa kudanganya.

"Ulimwambia nini?"

"Nilinyamaza."

"Ulinyamaza," alirudia Siafu. "Mimi nimepigana na kaka yangu sebuleni kama mtoto, mama yangu ameamka gizani kunifungia gurudumu kwa uzi, wewe unanyamaza. Kunyamaza kwako ni kumjibu, Tani."

Alimwambia mengine pia, makali, ambayo hata yeye hakujua alikuwa ameyaweka akiba. Kwamba aliyempenda juu ya baiskeli asijifanye leo amempendea kando ya jiko. Kwamba kama anataka mke wa kufichwa, mjini makabati yamejaa. Tani aliyapokea yote ameinamisha kichwa. Siafu alipoishiwa pumzi, Tani akafungua mlango wa lori.

"Panda."

"Nikafanye nini?"

"Panda, mwenzangu. Kaa kwangu, kwenye usukani."

Akapanda. Hakuwahi kukaa kiti kile. Kulikuwa na blanketi lililokunjwa vizuri, chupa ya maji, na harufu ya mtu anayelala safarini. Kwa jinsi kiti kilivyo juu, yadi nzima ilikuwa miguuni pake: mlinzi anapiga mswaki bombani, malori mengine yamejipanga, mtu amechuchumaa anawasha jiko la mkaa. Vioo viwili virefu vya pembeni vilimwonyesha ubavu wote wa tela mpaka taa za mwisho. Alijiona mkubwa. Aliona hakuna kinachoweza kumpita.

Tani akamwambia aangalie kioo cha upande wa abiria, asiondoe macho. Kisha akaichukua baiskeli nyekundu ya Siafu akaenda nayo nyuma ya tela.

Alimwona akijitokeza kule mwisho kabisa, anaisukuma baiskeli, anakuja mbele taratibu kando ya ubavu wa lori. Alimwona vizuri: shati la bluu, mkono mmoja kwenye usukani, kichwa kimeinama. Akawa anakua ndani ya kioo kadiri anavyokaribia. Akafika usawa wa tangi la mafuta.

Akatoweka.

Siafu akanyoosha shingo. Akatazama kioo kingine, akarudi kwenye kile. Akatazama mbele. Mlinzi bado anapiga mswaki. Moshi wa jiko unapanda. Kila kitu kipo, hata kuku wa mlinzi yupo, isipokuwa mtu anayempenda na baiskeli yake. Akaita. Hakujibiwa. Akaita tena, na sauti iliyomtoka hakuitambua.

Ndipo akasikia ngumi inagonga bati, chini, karibu kabisa, kama mtu anayegonga kutoka ndani ya sanduku. Alijitupa kwenye kiti cha abiria akafungua mlango. Alikuwa hapo. Alikuwa hapo muda wote, chini ya dirisha, karibu kiasi cha kunusa. Ameegemeza paji la uso kwenye bati na ameshika usukani wa baiskeli kwa mikono yote miwili. Alikuwa analia bila sauti, kama wanavyolia watu wazima waliokwisha kuzoea.

"Hapa ndipo ulipo kila alfajiri," alisema. "Hapa hapa. Wewe unadhani umenisogelea nikuone. Kadiri unavyonisogelea ndivyo unavyopotea."

Siafu akakitazama kioo, kisha akamtazama yeye.

"Yupo mwenzangu mmoja. Dereva mzuri, halewi, hakimbizi gari. Alitoka kama hivi, asubuhi kama hii, akafika mzani wa malori. Akashuka kukagua matairi." Akaibana breki ya baiskeli, akaiachia. "Hakuwa amesikia kitu chochote njiani. Alikuwa anasikiliza redio."

Alichokikuta mwenzake kwenye matairi hakukitaja, wala Siafu hakumwomba akitaje.

"Mimi kila ninaposimama nashuka nazunguka lori," Tani aliendelea. "Wenzangu wanasema huyu anajali matairi yake kama watoto. Wanadhani nakagua upepo."

Siafu akashuka. Alimkumbatia pale pale, baiskeli katikati yao, pedali inamchoma mguu, na hakuna aliyejali. Mlinzi akageuza uso kwa adabu. Tani alimnong'oneza nyweleni kwamba amemwomba mwenye lori aongeze kioo cha kona, kile cha mviringo kinachotazama chini, na mwenye lori amecheka, akasema kioo hakibebi mzigo. Hana tena la kufanya. Kilichobaki ni kumwomba yeye.

"Acha, mpenzi wangu. Si kwa sababu ya mama. Mama namwezea. Acha kwa ajili yangu."

Na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Angelikuwa mkali, Siafu angemwacha na kwenda zake. Angelikuwa na wivu au fahari ya kiume, angemcheka. Lakini ombi la mtu anayelia linazidi amri ya kaka, na alihisi midomo yake inajiandaa kusema ndiyo. Akaona mbele yake alfajiri zote zijazo: anaamka, anasikia minyororo ya wenzake inapita dirishani, anageukia ukuta. Akaona anamchukia mtu huyu polepole, bila kelele, kama nguo inavyopauka.

"Nikiacha mimi," alisema, "yule mfagia barabara naye aache? Na fundi wa pancha anayekwenda kazini kwa baiskeli? Na mtoto wa shule? Kila asiyeonekana aondoke, wabaki wanaoonekana tu?"

"Mimi simpendi mfagia barabara. Nakupenda wewe."

"Najua. Ndiyo maana inauma."

Honi ililia nje. Foleni ya mzani ilikuwa imeanza na malori ya yadi yalikuwa yanatoka moja moja. Tani akajifuta uso kwa kiganja. Alimwambia apande, wakaifunge baiskeli juu ya mzigo, amshushe kazini kwake salama. Angalau leo.

"Unakwenda mzani?"

"Nakwenda mzani."

"Basi nitakukuta huko. Nakuja kwa baiskeli. Nikifika utampigia mama yako mbele yangu, umwambie Jumapili aje, karibu sana, na baiskeli ataikuta imeegemezwa sebuleni. Akiweza kukaa nayo chumba kimoja, ataweza kukaa na mimi."

"Usije."

"Nakuja."

"Nakuomba usije. Barabara ile leo ni malori matupu."

"Utampigia au hutampigia?"

Alimtazama. Yale macho mekundu yalimzunguka uso wote, paji, mashavu, kidevu, kama mtu anayejaza akiba ya safari.

"Ukifika nitampigia," alisema. "Na usipofika?"

Siafu akaichukua baiskeli mikononi mwake.

"Nauliza tu, mwenzangu. Usipofika. Mimi nitakuwa nimesimama pale mzani, magari yanaingia. Nitakagua matairi ya nani?"

Hakungoja jibu. Alipanda, akawasha injini, na lile bati lote likatetemeka. Siafu alirudi nyuma hatua kadhaa akitafuta kioo, akakitafuta mpaka akayaona macho ya Tani ndani yake. Akainua mkono ulio na bendeji. Ndani ya kioo mkono mwingine uliinuka. Walitazamana hivyo, huyu chini, yule juu, kioo katikati, mpaka lori lilipokata kona kutoka langoni na uso ule ukateleza ukingoni mwa kioo, ukaisha.

Mlinzi akamuuliza, kwa utani wa mtu mwenye huruma, kama leo amenuniwa au ndiye aliyenuna. Siafu alijaribu kutabasamu. Mlinzi akaacha utani. Alimfungulia lango mpaka mwisho, ingawa baiskeli ingepita kwenye upenyo tu, akamwambia, "Nenda na wazima, mwanangu."

Akaisukuma baiskeli mpaka mdomoni mwa yadi. Akaivuka fremu, akakaa, akaweka mguu mmoja juu ya pedali. Barabara kuu ilikuwa mbele yake, magari yameshonana kama kola na shati, lori, basi, lori, gari dogo, lori. Alikuwa ameingia barabara hii alfajiri zisizo na idadi. Alikuwa anajua namna yake: unamtazama dereva usoni, unanyoosha mkono, unaingia. Leo alinyoosha mkono, akatazama juu kwenye dirisha la lori lililokuwa likipita, na kwa mara ya kwanza alijua anachokiona yule aliyekaa kule juu. Anaona moshi unapanda. Anaona kuku. Yeye hamwoni.

Mguu ukakataa. Aliusemesha kimoyomoyo kama mtoto mkaidi. Akaubembeleza, akautukana. Ukakaa pale pale chini, umeota mizizi. Mapenzi ya yule bwana yalikuwa yamemfanyia kile ambacho mtaro, kioo cha basi na kaka mkubwa vilishindwa kumfanyia. Yalimpa hofu. Hata kurudi hakuweza. Akirudi nyumbani leo, hatoki tena. Ataitundika baiskeli ukutani yeye mwenyewe, kaka hatakuwa na haja ya kukalia kitu, na wageni watakaribishwa kwa heshima zote kwa mwanamke ambaye hayumo. Na kule mzani mtu mmoja anazunguka lori lake, anazunguka tena, na kila baiskeli isiyotokea inamzeesha.

Hapo ndipo alipo. Sikusimulii cha zamani. Yuko pale langoni sasa hivi, mkono ameunyoosha, na magari yanampita moja baada ya jingine, kila dereva anasema wa nyuma yangu atampisha.

Wa nyuma ni wewe. Ndiyo, wewe, uliyeanza kutafuta simu. Hakuna mwingine nyuma yako. Hakuombi umpende, anaye anayempenda mpaka anaumwa. Hakuombi umwoe wala umtetee kwa mama mkwe, hayo atayamaliza mwenyewe akifika. Anataka nafasi ya urefu wa baiskeli moja mbele ya gari lako. Weka simu chini. Ondoa mguu kwenye mafuta. Kanyaga breki, wa nyuma wakikupigia honi waache wapige, kuwa ukuta kwa dakika moja ya maisha yako. Mtazame usoni ili ajue ameonekana. Sasa mpungie mkono.

Mpishe.